Kabla ya kumwekea kinyonga jani, lijue jani lenyewe

Kuna mtindo umeingia huku Pwani Kusini. Kijana anaokota kinyonga kwenye ua wa jirani pale Ukunda, anamtia kwenye sanduku la kioo lililokuwa la samaki, anamzungushia majani ya plastiki, anawasha taa ya rangi, kisha anaposti. Muziki juu. Mioyo inamiminika, watu wanauliza bei. Hakuna hata mmoja anayeuliza kinyonga huyo anakunywa maji wapi.

Sisi tunauliza, kwa sababu jibu liko kwenye majani, na majani ndiyo kitu cha mwisho watu hufikiria. Mtu atahangaika kutafuta kioo, taa, panzi wa kulisha. Ikifika zamu ya mimea anachuma chochote kilicho karibu, bora kipendeze kwenye kamera. Kumbe kwa mnyama wa aina hii mmea ndio nyumba, ndio pazia, ndio gilasi ya maji, na kwa wengine ndio chakula. Ukikosea hapo, kioo na taa havitamsaidia.

Lakini kabla ya majani kuna karatasi. Kinyonga, kobe, chatu na kenge ni wanyamapori, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haikuruhusu kumweka hata mmoja wao bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Haijalishi ulimwokota shambani kwenu. Na usidhani sheria hii ni ya ndovu na vifaru peke yake. Mei 2025, mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa sababu ya siafu. Ndiyo, wadudu! Walikuwa wametiwa kwenye vijirija vyenye pamba tayari kusafirishwa kwa wafugaji ng'ambo. Wawili kati ya wanne hao walikuwa vijana wa Ubelgiji wa miaka 19. Kama mdudu anaweza kukufikisha kizimbani, kinyonga je?

Kwa hivyo hatuandiki haya ili ukafuge kwa kujificha. Tunamwandikia yule anayefanya kazi ya bustani kwenye hoteli yenye kobe pale Diani, yule wa kikundi cha vijana Msambweni wanaofikiria kuomba kibali cha kufungua bustani ndogo ya nyoka na kobe ya kuonyesha watalii, na yule aliyeajiriwa kwenye kituo chenye kibali na hajawahi kuelezwa lolote zaidi ya saa za kuripoti kazini. Na wewe pia ambaye hufugi chochote ila una ua nyumbani, maana ua wenu ni makazi ya mtu, tutafika huko.

Acha nikueleze nilichokiona. Mwaka jana niliingia hoteli moja ya ufukweni, jina tuliache. Nyuma ya bwawa la kuogelea kulikuwa na kizimba cha kobe, kisafi, na bakuli la maji. Watoto wa wageni walikuwa wakiwapigia picha. Kizimba chote kilikuwa kimezungushiwa ua la oleanda, yale majani marefu membamba kama ncha ya mkuki na maua ya waridi. Maua yalikuwa yakidondokea ndani. Nilipomuuliza kijana aliyekuwa akifagia kama anaujua ule mti, alicheka akasema, "Ni maua tu, bosi. Wageni wanayapenda."

Simlaumu. Hakuna aliyemwambia kwamba oleanda ni sumu kuanzia mzizi hadi ua, hata likiwa kavu, na kwamba sumu yake hushika moyo. Jani chache zinatosha kumwua mnyama mkubwa kuliko kobe. Ndugu yake, ule wa maua ya manjano kama kengele ambao umejaa kwenye nyua za barabara ya ufukweni, ni hivyo hivyo. Miti hii inapendwa na wenye hoteli kwa sababu inavumilia jua na chumvi ya bahari na hata mbuzi hawaigusi. Hilo la mbuzi lingetosha kuwa onyo.

Hapo mtu ataniambia, mnyama ana akili, anajua asile nini. Porini, ndiyo, mara nyingi. Kobe porini hutembea, huonja hapa, huacha, huenda kwingine. Ana majani ya aina mia ya kuchagua. Ukimfungia kwenye mita nne kwa nne umemnyang'anya uchaguzi wake. Atakula kilichopo, hasa kama chakula cha asubuhi kimechelewa. Jukumu la kuchagua limekuwa lako.

Na huku kwetu kuchagua si kazi ndogo, kwa sababu Kwale imejaliwa mimea mikali. Mnyaa unaujua. Kila mtoto wa Pwani ameshaonywa asivunje kijiti chake, kwa sababu ule utomvu mweupe ukiingia jichoni ni kilio usiku kucha. Sasa fikiria kinyonga, mwenye macho yaliyochomoza kama vitako vya korosho, akitambaa juu ya kijiti kilichovunjika. Mbarika pia unaota ovyo nyuma ya nyumba, na mbegu zake ni hatari kwa kila kiumbe akiwemo mdogo wako. Waridi la jangwani, lile lenye shina nene kama chungu ambalo sasa linauzwa kwa bei ya juu kando ya barabara, lina utomvu ambao watu wa Afrika wametia kwenye mishale tangu zamani. Lantana ina maua mazuri ya rangi mbili na vitunda vyeusi vinavyovutia, na ni sumu. Majani ya mparachichi nayo yaweke mbali.

Halafu kuna mkanju. Watu wa Msambweni hawahitaji kuelezwa kuhusu mafuta ya ganda la korosho mbichi, midomo yao inakumbuka. Mkanju na mwembe ni wa ukoo mmoja na utomvu wao unachoma. Tawi kavu la mwembe lililokaa juani miezi kadhaa si tatizo, lakini tawi bichi linalotoka maji usiliingize ndani ya kizimba.

Kuna njia rahisi ya kuanza. Mchukue bibi yako, au mzee yeyote wa mtaani aliyekulia Kwale, mzunguke naye uani. Muulize kila mmea: huu mbuzi anakula? Huu ukikuingia jichoni? Huu mliutumia kwa nini? Utatoka na majina ya Kidigo ambayo hujawahi kuyasikia na habari ambazo simu yako haina. Simu itumie baadaye kuhakikisha, kwa jina la kisayansi, kwa sababu jina la mtaani linaweza kubeba miti mitatu tofauti.

Sasa twende kwenye mimea mizuri, na hapa ni lazima kwanza tujue mnyama ni nani. Wengi wanauliza "mmea gani salama?" bila kusema salama kwa nani.

Tuanze na kinyonga wetu wa kawaida huku Pwani, yule mwenye vipande vya ngozi kama masikio nyuma ya kichwa. Huyu hali majani, anakula wadudu. Lakini maji hanywi bakulini. Unaweza kumwekea bakuli la fedha, atakufa kwa kiu kando yake. Anakunywa matone yaliyoshikwa na majani, umande wa asubuhi au mvua, na ndani ya kizimba atakunywa yale unayomnyunyizia wewe. Kwa hivyo jani lake liwe pana kiasi, lishike tone, na mti uwe na matawi membamba ya kukamatwa na vidole vyake. Haibiskasi inafaa sana. Ni salama, ina matawi mengi, inapenda joto letu, na wadudu wanaipenda. Mpera pia ni mzuri kwa matawi yake magumu. Mrehani unafaa kujazia chini na una harufu nzuri. Ule mtambaazi wa vyunguni ambao watu wanauita manipulanti hutumiwa sana na wafugaji wa vinyonga duniani kwa sababu haufi kirahisi, ila majani yake yana fuwele zenye ncha zinazochoma mdomo. Kwa mla wadudu hakuna shida kubwa. Kwa kobe usithubutu.

Jambo jingine kuhusu kinyonga ambalo watu wa vioo hawalijui ni udongo. Jike akiwa na mayai hushuka mtini, akachimba shimo na kutaga, mara nyingi mayai 20 na zaidi. Kama chini ni kioo kitupu au zulia la plastiki, anazunguka siku nzima akikwaruza. Watu wanaona video ya kuchekesha, "kinyonga anacheza ngoma". Hachezi. Anatafuta mahali pa kutagia, na akipakosa mayai yanaweza kumfia tumboni pamoja na yeye. Mti uliopandwa kwenye chungu kikubwa chenye udongo wenye kina unatatua mambo mawili kwa mpigo.

Kobe ni hadithi nyingine, maana yeye anakula nyumba yake. Chochote utakachopanda, hesabu kwamba kitaingia mdomoni. Nyasi za kawaida ndizo msingi wa mlo wake, kisha maua na majani ya haibiskasi, na dungusi kakati lililotolewa miiba. Mchicha mpe mara moja moja tu, usiwe chakula cha kila siku, kwa sababu una vitu vinavyozuia mwili kutumia chokaa, na kobe bila chokaa ni kobe mwenye gamba laini. Usitegemee kwamba mmea utasimama. Utaliwa, utakanyagwa, utang'olewa. Panda miwili kwa zamu, mmoja ndani, mmoja nje unapumzika.

Nyoka hajali majani kwa mdomo. Anachotaka ni kujificha na mahali pa kujisugua anapobambua ngozi. Kwake mkonge mwitu, ule wa majani yaliyosimama kama panga, unafaa kabisa na ni mwenyeji wa huku. Mwenye kizimba cha nyoka hatakiwi kuhangaika sana na sumu ya jani, ahangaike na miiba, na utomvu, na uzito: chungu kisimame imara, chatu akijizungusha kisimwangukie.

Na plastiki? Nimewakejeli wenye majani ya plastiki pale juu, ila nisiwe mnafiki. Plastiki ina kazi yake. Kwa nyoka, au kwa mnyama mgonjwa aliyetengwa ambaye kizimba chake kinaoshwa kila siku, majani bandia ni bora kuliko mmea hai, kwa sababu unayatoa, unayasugua kwa maji ya moto, unayaloweka kwenye jiki iliyochanganywa na maji mengi, unayasuuza mpaka harufu iishe, unayaanika na kurudisha. Hakuna mmea hai utakaovumilia hilo. Tatizo ni plastiki ipi. Yale maua ya bei rahisi ya kupambia sebule yana waya ndani ya shina. Jani likichomoka, waya unabaki wazi kama sindano. Mengine yanatoa rangi. Yajaribu: yatie kwenye ndoo nyeupe ya maji ya moto usiku mmoja. Asubuhi maji yakiwa ya kijani, hiyo rangi ingekuwa tumboni mwa mnyama. Livute kila jani kwa nguvu, na lililolegea litoe. Kwa kobe plastiki ni marufuku, atailahamu jani zima na litamziba matumbo. Halafu lipo suala la joto. Chumba cha mabati cha Ukunda saa nane mchana mwezi wa Februari tayari ni jiko. Mmea hai unapoza hewa kwa unyevu wake. Plastiki haipozi chochote.

Mmea wa kununua nao una mtego wake. Vijana wengi wanauza miche kando ya barabara ya Ukunda kuelekea Ramisi, na ni biashara nzuri, tunaiunga mkono. Lakini miche hunyunyiziwa dawa ya wadudu ili ionekane haina kasoro. Dawa ile inakaa kwenye jani, panzi anakula jani, kinyonga anakula panzi. Uliza kabla ya kununua. Kisha mmea ukifika nyumbani, oshe majani pande zote, badilisha udongo ule wenye vijipunje vyeupe vya mbolea, na uuache nje wiki kadhaa kabla haujaingia kwa mnyama. Ukiona wadudu wanaanza kuutafuna bila kufa, ni dalili nzuri. Na wewe muuza miche, hapo kuna soko. Tenga safu moja isiyopigwa dawa, andika kibao, uza kwa bei ya juu kidogo kwa hoteli zenye kobe. Hakuna aliyekutangulia kwenye kona yako.

Usiende kuchuma msituni ili uokoe hela. Tunajua wapi mtu atafikiria kwanza: Shimba Hills, au kaya. Hifadhi ya Shimba ina sheria zake na askari wake. Kaya ina wazee. Aliyewahi kuingia Kaya Kinondo pale Diani anajua masharti: unajifunga shuka jeusi, unatembea kwa adabu, na hutoki na kitu, si jani, si kijiti, si jiwe. Vijana wengine huona huo ni ushirikina wa wazee. Lakini tazama ramani. Hoteli zimepangana ufukweni, mashamba yamegawanywa ploti, na pale ambapo sharti hilo limeshikwa ndipo bado kuna msitu, ambao tangu 2008 ni miongoni mwa misitu ya kaya iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ukitaka mmea wa asili wa huku, anza na mbegu au kipande cha kupandikiza kutoka uani kwa mtu aliyekupa ruhusa.

Kama unataka kuona mambo haya yakifanywa kwa mpangilio, vuka feri Likoni, pita mjini, nenda mpaka Bamburi. Bustani ya Haller tunaijua sote kwa safari za shule, na kwa Mzee, yule kobe mkubwa aliyefanya urafiki na kiboko Owen baada ya tsunami ya Desemba 2004. Tunachosahau ni jinsi ilivyoanza. Palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, jangwa la matumbawe meupe lisilo na udongo. Mwaka 1971 René Haller alianza kujaribu miti. Aina 26 zilipandwa, zikasimama 3 tu: mvinje, mnazi na aina moja ya konokapasi. Mivinje ikaangusha majani, yakawa hayaozi. Wakaletwa majongoo, wale wenye miguu myekundu, wakayatafuna yakawa udongo. Miaka ikapita. Wanyama walikuja baadaye, msitu ukiwa umeshasimama. Kobe Mzee alikuja kuishi mahali palipokuwa tayari, na ndiyo maana palimfaa.

Sisi tunafanya kinyume. Mnyama leo, sanduku kesho, mmea Mungu akijaalia.

Ndiyo sababu tunasema wazi: hoteli yoyote ya Pwani Kusini yenye kizimba cha kobe ing'oe oleanda iliyo karibu nacho mwezi huu, kazi ambayo watu wawili wenye jembe na glavu wanaimaliza siku moja. Wasiyachome matawi, moshi wake pia ni sumu, wayafukie mbali. KWS wanapokagua vizimba vyenye kibali waangalie mimea kama wanavyoangalia kufuli. Na orodha ya mimea hatari, yenye picha na majina ya Kiswahili na Kidigo, ibandikwe pale wanapofanya kazi watunza bustani, siyo kwenye tovuti ya kizungu ambayo kijana wa ufagio hataifungua. Vyuo vya ufundi vya kaunti vinafundisha hoteli na utalii kila muhula. Saa mbili za somo hili hazitavuruga ratiba.

Wewe usiye na kibali, na pengine huna haja nacho, panda haibiskasi tatu kwenye ua wenu. Usizipige dawa. Acha nyasi ndefu kidogo chini na udongo usiosakafiwa. Wakubwa nyumbani watalalamika, kwa sababu wengi tulilelewa tukiambiwa kinyonga ni nuksi na dawa yake ni kumtia tumbaku mdomoni. Waeleze kwamba hana sumu na kwamba anakula nzi. Kisha ngoja msimu mmoja wa mvua. Usiku toka na tochi, mulika ncha za matawi polepole. Kinyonga akilala hupauka, huonekana kama jani jeupe lililojikunja mwishoni mwa kijiti. Mpige picha bila mwako, posti ukitaka, uzime tochi umwache alale.